Mama wa Mlangoni

Kwa miaka mingi, mtu wa Msowero akitaja kwaya ya kanisa la Anglikana alikuwa kama amemtaja Yusta. Aliimba sauti ya kwanza, nyembamba lakini yenye nguvu, na ilipopanda hata wachuuzi waliokuwa wakipanga nyanya kando ya barabara walinyamaza kidogo. Alizaliwa milimani upande wa Berega, kwa watu wanaoanza kusikia nyimbo za kanisa wakiwa bado mgongoni mwa mama zao. Akaolewa huku bondeni, akafiwa na mume, akamlea binti yake Lightness peke yake mpaka binti akapata kazi ya hoteli Mikumi. Katika yote hayo kwaya ilikuwa naye. Jumamosi mazoezi, Jumapili ibada, Pasaka safari ya kuimba Kilosa mjini. Mtu akimuuliza anatumikaje kanisani, alijibu kwa neno moja: naimba.

Kisha shingo ikaanza kuvimba.

Mwanzoni aliifunika kwa mtandio. Uvimbe ulipoanza kumkaba akilala, Lightness alimchukua wakaenda Morogoro, akapasuliwa. Ulitoka wote. Lakini ulikuwa umeuzingira mshipa unaoendesha sauti, jambo ambalo daktari alikuwa amewaeleza mapema, na Yusta alipozinduka na kumwita binti yake, kilichotoka kilikuwa kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Waliambiwa itarudi taratibu. Ilirudi nusu, ikaishia hapo. Alibaki na mnong'ono wa kukwaruza, na kila aliyezungumza naye alilazimika kusema, "Unasemaje, Mama Lightness?"

Elikana, mwalimu wa kwaya, hakumfukuza. Alimwambia aendelee kuja, avae sare, akae na wenzake. Yusta akafanya hivyo, akifungua na kufumba mdomo bila kutoa kitu, mpaka Jumapili moja Brightness, binti aliyepewa nafasi yake, alipoanza ile beti ya juu ambayo kila mtu aliijua kuwa ni ya Yusta. Brightness aliiimba vizuri. Yusta alijikuta akiomba moyoni binti ateleze, na alipogundua anachokiomba, tena ndani ya kanisa, aliona aibu hata akashindwa kumtazama. Wiki hiyo aliifua sare yake, akaipiga pasi, akampelekea Elikana.

Baada ya hapo alikaa viti vya katikati kama mgeni. Hakujua afanye nini na mikono yake wakati watu wakiimba.

Mchungaji Elia, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu ahamie pale, alimfuata nyumbani siku moja, akamkuta anapepeta mpunga.

"Mama Lightness, nimekuja kukuomba kazi."

"Kazi gani, mchungaji, na mimi sina sauti?"

"Mlangoni. Usimame pale Jumapili, upokee watu, uwaonyeshe pa kukaa."

Yusta aliendelea kupepeta. Kazi ya mlangoni ilikuwa ya Mzee Damiano zamani, kabla miguu haijamsumbua, na tangu aiache hakuna aliyekumbuka kuijaza. Aliona wazi kwamba anawekwa mlangoni kwa kuwa hakuna pengine pa kumweka. Hakusema hivyo. Alisema, "Sawa, mchungaji," na jioni akampigia simu binti yake.

"Mama, hiyo nayo ni kazi?" Lightness alisema. "Si wamekupa tu kitu cha kushika usijisikie vibaya. Njoo Mikumi. Chumba ninacho, utapumzika."

"Nikishavuna nitakuja," Yusta alimjibu, na siku ile alimaanisha.

Basi akaanza kusimama mlangoni. Jumapili za kwanza zilikuwa ngumu. Watu walimpita wakimwamkia juu juu, macho yao yakiwa tayari ndani, wakitafuta nafasi nzuri karibu na dirisha. Kwa kuwa hakuweza kupaza sauti kumkaribisha mtu, alikuwa akitoa mikono yake miwili na kumshika anayeingia. Hilo halikuwa wazo lolote kubwa, ni vile tu hakuwa na njia nyingine. Lakini taratibu mikono ikaanza kumwambia habari. Kuna iliyokuwa na moto wa homa, huku mwenyewe akijifanya mzima. Kuna iliyomng'ang'ania zaidi kidogo ya kawaida, na ukiuliza unakuta kuna msiba au ugomvi nyumbani. Alizoea kujua nani huja mapema ili akae peke yake kabla ya kelele, na nani huchelewa makusudi ili asisalimiane na mtu fulani. Na Jumapili ibada ilipoanza, kabla hajakaa, alikuwa anajua nani hajaja.

Alianza kuwapitia hao wasiokuja. Hakutumwa. Aliona tu kwamba akirudi nyumbani moja kwa moja anabaki na swali tumboni. Alikuwa akipita, anabisha hodi, anauliza hali, anakunywa maji, anaondoka. Aliyekuwa na malaria alishukuru. Aliyekuwa amekasirikia kanisa alishangaa kidogo, kisha naye akashukuru. Mavuno yalipita, na safari ya Mikumi akaisogeza mbele, akamwambia Lightness anasubiri mbaazi zikomae.

Miongoni mwa walioingia kwa mlango ule walikuwa wafugaji waliotoka Meatu, Luhaga na mkewe Kashindye na watoto wao. Huko kwao walisali kanisa la AIC, na hapa kanisa lililokuwa karibu lilikuwa hili. Walikaa pamoja safu ya nyuma. Watu hawakuwatendea ubaya wala hawakuwazoea. Yusta alijifunza kuwasalimia kwa lugha yao ya Kisukuma, "Mwangaluka," na Kashindye, mwanamke mrefu mwenye kucheka kwa kuficha meno, alimjibu kila mara huku akimsahihisha matamshi. Alikuwa mjamzito wakati huo.

Masika yalipokolea Kashindye hakuonekana. Yusta alisikia kwamba amejifungua na mtoto hakuwa hai. Aliporudi kanisani alikuwa amekonda. Hakumpa Yusta mikono. Alizunguka upande, akakaa nje kwenye kibaraza chini ya dirisha, na kabla ya baraka ya mwisho alikuwa ameondoka. Akafanya hivyo tena Jumapili iliyofuata. Kisha hakuja kabisa. Luhaga aliendelea kuja na watoto tu kwa muda, naye kila alipoulizwa kuhusu mkewe alijibu, "Yupo, mama, anapumzika."

Halafu likaja jambo la ng'ombe.

Ilikuwa mwisho wa msimu, mahindi yakikaribia kukauka. Kundi la Luhaga lilimshinda mchunga ng'ombe wake, kijana wa kuajiriwa, likaingia mashambani na kukanyaga sehemu kubwa. Shamba la Yusta lilikuwa mojawapo. Kijiji kilichemka. Walisuluhishwa ofisi ya mtendaji, na Luhaga akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Kwa Yusta alileta gunia la mahindi kichwani kwake mwenyewe. Yusta alilipokea, akasema asante, na hakumkaribisha kukaa. Jumapili iliyofuata Luhaga na watoto hawakuja, wala iliyofuata.

"Wameona haya," walisema wanawake kwenye mkutano wa Umoja wa Mama. "Waacheni wapumue, watarudi wenyewe." Na mmoja akaongeza kwamba hata wasiporudi, mashamba yatapona.

 Ukweli ni kwamba maneno yale yalimpa Yusta nafuu, kwa maana yalimpa ruhusa ya kutokwenda. Lakini usiku na mchana kulikuwa na jambo dogo lililomkera. Kanisa zima liliamini familia ile imekimbia kwa sababu ya ng'ombe. Yeye alijua Kashindye aliacha kuja kabla. Ng'ombe hawakuwa wamekula shamba la mtu bado wakati mwanamke yule alipoanza kukaa nje ya dirisha.

Alivumilia. Kisha Jumapili moja baada ya ibada akajifunga kanga, akaenda. Njia ilipita kando ya shamba lake. Mabua yaliyovunjwa bado yalikuwa yamelala vilevile, na alisimama pale akiyatazama. Baadaye alimwambia Lightness kwamba hapo ndipo nusura ageuke.

Boma la Luhaga lilikuwa ng'ambo ya korongo, nyumba za tope zilizoezekwa kwa bati na zizi la miiba. Mwenye mji alikuwa malishoni. Watoto waliwazuia mbwa, wakapiga goti kumwamkia. Alipowauliza mama yao yuko wapi, wakaonyesha kibanda kilichokuwa peke yake nyuma ya zizi.

Yusta alibisha hodi, lakini sauti yake haikuvuka hata mlango. Akausukuma.

Harufu ya mkojo ilimpiga usoni. Kashindye alikuwa ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe, na matambara yameanikwa kwenye kamba mle mle ndani, kwenye giza, yasionekane na wapita njia.

"Mama, usiingie," alisema haraka. "Hapa hapafai mtu."

"Nimekuja kukusalimia."

"Sikusikii, mama."

Yusta alirudia, na bado Kashindye hakusikia. Ikambidi aingie. Akaketi chini kwenye ngozi ile, bega kwa bega, kwa kuwa ndivyo alivyoweza kusikika. Tangu apasuliwe hakuwa amewahi kuipenda sauti yake hata siku moja. Lakini siku hiyo ni sauti hiyo iliyomkalisha mahali ambapo tangu masika hakuna mtu mzima aliyekuwa amekaa.

"Hujaja kanisani," alimwambia sikioni.

"Ulijua kama sipo?"

"Nilijua. Si nasimama mlangoni?"

Kashindye alijifunika uso kwa upindo wa kitenge, akalia muda mrefu bila sauti.  Alipotulia alieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akichanganya na Kisukuma pale maneno yalipomwishia. Uchungu ulimshika mto ukiwa umejaa. Bodaboda ilifika ukingoni ikarudi. Alikaa na uchungu mpaka nguvu zikamwisha, na maji yalipopungua wakamvusha, mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Tangu hapo mkojo haukai. "Nikilala unatoka, nikisimama unatoka. Nafua, nafua, unatoka." Alijaribu kuja kanisani. Alikaa nje kwa sababu ya harufu. Kuna mwanamke naye alikuwa amekaa pale kibarazani na mtoto mchanga. "Alisogea. Hakunitukana, alisogea tu. Nikasema nisije tena kusumbua watu."

Yusta hakujua ugonjwa huo ni nini, wala hakujifanya anajua.  Aliinuka, akayaangua yale matambara, akatafuta beseni na sabuni, akayafua, na kuyaanika nje juani mbele ya kila mtu. Kashindye alimwangalia kutoka mlangoni akiwa ameshika kizingiti.

"Kesho nitarudi," Yusta alisema, akasogea karibu, akasema tena ili asikike.

Asubuhi yake alikwenda zahanati kwa Scholastica, muuguzi, akamweleza bila kutaja jina. Scholastica hakumaliza hata kusikiliza.

"Hiyo ni fistula, Mama Lightness. Inatibika. Hata matibabu yenyewe hatadaiwa. Mbona amekaa muda wote huo?"

"Ana aibu."

"Wote wana aibu. Wengine wanajificha mpaka wanazeeka nayo." Alichukua simu yake. "Nitauliza Berega kama wanaweza kumpokea. Lakini lazima awe na mtu wa kukaa naye kule. Kupasuliwa kwenyewe ni muda mfupi, kazi iko baadaye. Wa kufua, wa kupika uji, wa kumhimiza anywe maji mengi. Hiyo ndiyo watu wanaikimbia."

Jioni Yusta alimkuta Luhaga akiingiza ng'ombe zizini. Luhaga alipomwona aliiweka fimbo chini.

"Shikamoo, mama. Kama ni habari ya shamba, mama, nitaongeza gunia jingine, nipe muda kidogo."

"Marahaba. Sikuja kwa shamba. Nimekuja kwa mkeo."

Luhaga alisikiliza ameinama, sikio lake karibu na mdomo wa Yusta, ng'ombe wakipita kando yao. Alikuwa mtu mwenye kumpenda mkewe. Alisema alikwenda kwa mganga, akaambiwa mkewe ametupiwa jicho, akatoa mbuzi. "Mbuzi aliliwa, mama. Maji hayakukauka." Alisema mama mkwe wake yuko Meatu na dada za mkewe wote wako Meatu. Yeye akiondoka hana wa kumwachia mifugo, itaingia tena kwa watu, na safari hii watamfukuza. "Nani atakaa naye huko?"

"Mimi."

Luhaga alimtazama. "Mama, ng'ombe hawa wamekula mahindi yako."

"Wamekula," Yusta alikubali. "Mwambie afungashe nguo."

Lililobaki lilikuwa kanisani. Askofu alikuwa anakuja kwa ajili ya Kipaimara, na wazee walikuwa wamekaa kupanga turubai, chakula na ratiba ya nyimbo. Yusta aliposema kwamba hatakuwepo, mzee mmoja aliuliza nani basi atapokea wageni, na mwingine akasema hilo si jambo la kusumbua vichwa, kila mtu anaujua mlango ulipo.  Mchungaji Elia alimfuata Yusta nje, akamuuliza anakwenda wapi, na Yusta, kwa idhini ya Kashindye, akamweleza yote.

"Alikuwa anakaa chini ya dirisha langu," mchungaji alisema. "Nahubiri, na yeye yuko pale. Sikumwona hata mara moja." Akasugua paji la uso. "Nenda, mama. Mlangoni nitasimama mimi."

Walipanda gari la asubuhi mpaka Dumila, wakabadilisha. Kashindye alikaa kiti cha nyuma kabisa juu ya nailoni iliyokunjwa ndani ya kitenge, amefumba macho, na kila gari liliposimama alimshika Yusta mkono. Milima ya Ukaguru ilipoanza kuonekana Yusta alimwonyesha upande waliko ndugu zake. Kufika hospitali, karani aliyekuwa akiandikisha wagonjwa aliuliza, "Wewe ni nani wake?" Yusta alifikiri kidogo. Si ndugu, si kabila moja, wala urafiki haukuwa na umri mrefu.

"Tunasali pamoja," alisema.

Siku za hospitali zilikuwa ndefu na za aina moja. Yusta aliamka na kuku, akafua mashuka na matambara, akapika uji kwenye jiko la nje pamoja na wanawake wengine wanaouguza wagonjwa wao. Wodini kulikuwa na wengine wenye shida kama ya Kashindye, wametoka Gairo, Kiteto na kwingine, na jambo lililomfungua Kashindye kinywa kuliko dawa lilikuwa kuwakuta hao. Alikuwa ameamini ni yeye peke yake duniani. Baada ya siku chache alikuwa akiwafundisha kusema mwangaluka na kuwacheka.

Alipasuliwa, akarudi kitandani na mpira wa mkojo, akaambiwa anywe maji bila kuchoka. Yusta alikuwa anajaza kikombe, anampa, anajaza tena. Kashindye alichoka.

"Mama, tumbo limejaa kama mtungi."

"Kunywa."

"Sikusikii."

"Umenisikia vizuri sana," Yusta alisema, na kitanda cha jirani kikaangua kicheko.

Lightness alikuja kutoka Mikumi siku yake ya mapumziko, na mashuka mawili na mafuta ya kujipaka. Alimkuta mama yake nyuma ya wodi, mikono imevimba kwa sabuni, akibishana kwa mnong'ono na mwanamke wa Kiteto juu ya nafasi kwenye kamba ya kuanikia. Alisimama akamwangalia kwa muda. Tangu ile siku ya Morogoro hakuwa amemwona mama yake akibishana na mtu. Wakati wa kuagana alisema, "Kile chumba nadhani nimpe rafiki yangu tukae wote."

"Mpe," Yusta alisema. "Mimi nitakuja kuwasalimia."

Mpira ulipotolewa, Kashindye aliambiwa alale kama kawaida, wangoje waone. Yusta alilala sakafuni kando ya kitanda. Asubuhi, jua likiwa limeshaingia dirishani, aliinuka akamkuta Kashindye yuko macho, amekaza mwili, mikono imenyooka pembeni kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Vipi?"

 Kashindye alimshika Yusta mkono, akaupitisha chini yake kwenye shuka. Palikuwa pakavu. Yusta aliubonyeza mkono pale na pale na pale, kote pakavu, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Muuguzi aliyepita na sinia la dawa aliwatazama mara moja tu, akajua, akaenda zake akitabasamu.

Waliporudi Msowero Luhaga alikuwa kituoni tangu asubuhi, na watoto wote, wamevaa nguo za kanisani.  Alichukua mzigo wa Yusta kwanza, kisha wa mkewe. Mvua za kwanza zilipodondoka, kabla Yusta hajanoa jembe, alimkuta Luhaga shambani kwake na jozi ya maksai na plau, amekwisha kugeuza nusu ya ardhi. Majirani walitoka kuona ng'ombe wa Luhaga wakiwa ndani ya shamba la Mama Lightness. Wapo waliocheka, na wapo waliomuuliza Luhaga kama na kwao atafika. Si wote waliomsamehe. Kesi ya shamba jingine bado ilikuwa ofisini, na ilichukua msimu mzima kumalizika.

Mchungaji Elia naye alikuwa na lake. Alimwendea Yusta Jumamosi, kanisa likifagiwa.

"Nimesimama mlangoni Jumapili zote ambazo hukuwepo," alisema. "Nimemwona Mzee Damiano akipanda ngazi zile. Anashika ukuta kwa kucha, mama. Mimi nilikuwa nikidhani anachelewa kwa mazoea tu." Vijana walikuwa wameshapigilia nguzo na mti wa kushikilia pale kwenye ngazi, na alimwonyesha. "Siwezi kuwa madhabahuni na pale kwa wakati mmoja. Nilikupa kazi ile kwa kukuonea huruma. Naomba uendelee nayo kwa sababu naihitaji."

Yusta alimwambia hakuwa na mpango wa kuiacha.

Siku Kashindye aliporudi kanisani Yusta alimpokea kwa mikono miwili kama anavyompokea yeyote, asimfanye kioja. Safu ya nyuma ilikuwa imejaa, na yule mwanamke wa kibarazani, ambaye mtoto wake sasa alikuwa anatambaa, alimweka mwanawe mapajani na kugonga benchi kwa kiganja, hapa, njoo hapa. Brightness aliongoza wimbo. Yusta, aliyekuwa bado amesimama, alimsikiliza mpaka mwisho na akaona ni mzuri.

Ilikuwa kiangazi Kashindye alipofika nyumbani kwa Yusta asubuhi, amevaa kitenge kipya, mkoba begani.

"Mama, kuna mwanamke Rudewa. Wauza maziwa wameniambia. Anajifungia ndani kama mimi. Twende."

"Nitamwambia nini mimi?"

"Usimwambie kitu. Ataongea Kashindye."

Walipanda gari wakashuka Rudewa, wakaulizia, wakaelekezwa nyuma ya mashamba ya zamani ya mkonge. Mwanamke waliyemkuta alikuwa mtu mzima, mkubwa kuliko walivyotegemea, amekaa na ugonjwa ule tangu uzazi wake wa kwanza na wa mwisho. Aliwapa vigoda mbali naye. Kashindye alikibeba chake akakisogeza, Yusta akafanya vilevile. Kashindye akaongea: mto, mtoto, ngozi ya ng'ombe, gari la Dumila, vikombe vya maji. Aliongea mpaka chai waliyopewa ikapoa. Yusta alikaa amemshika mwenyeji mkono, na kwa jinsi vidole vile vilivyokuwa vikikaza na kulegea aliweza kufuata safari yote ya moyo wa mwanamke yule.

Mwishoni mama yule aliuliza jambo moja tu.

"Na uliamka pakavu?"

"Pakavu," Kashindye alisema.

Mama yule alikaa akiutazama uwanja wake, kuku wakipekua makapi. Kisha akainuka, akaingia ndani, na wakamsikia akifungua sanduku, akitafuta kanga ya kusafiria.